Springi za Guta

Mama Yasmini alianguka na furushi lake la vitenge kifuani, wala hakuliachia hata alipofika chini. Tope la njia panda ya soko la Somanda likampokea yeye na mali yake bila kubagua. Pikipiki iliyomwangusha ilikuwa imeruka mbele ghafla kama ndama aliyeumwa na nyuki, ikazimika. Dereva wake, Machibya, alibaki ameizuia kwa mguu mmoja isije ikamlalia abiria.

"Wewe baba, umelewa asubuhi yote hii?" Mama Yasmini alifoka huku akijizoazoa.

"Hapana, mama. Mashine imenishinda kidogo."

"Wewe imekushinda kidogo, mimi imenimaliza kabisa! Angalia baibui langu. Angalia vitenge vya watu. Nauli hupati, na Mungu akusamehe, maana mimi bado!"

Machibya aliinama, akamwokotea kiatu kilichokuwa kimezama, akakifuta kwa shati lake mwenyewe, akampa. Ng'ambo ya barabara kijiwe kizima cha bodaboda kilikuwa kinatazama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma. Bodaboda akiangusha mtu bahati mbaya, wenzake humcheka mpaka jioni na mambo yanaisha. Wakinyamaza, ujue wameshaanza kumhurumia, na mtu anayehurumiwa kijiweni hapewi abiria.

Uledi, mwenyekiti wa kijiwe, alimwita pembeni. Alikuwa mtu mzima, mnene, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliowaogopesha madereva kuliko ukali wa trafiki.

"Lumbesa," alisema, akimwita kwa jina lake la kazini, "huyu ni wa tatu. Ulianza na mwalimu, ukaja kwa yule mzee aliyekuwa anatoka kuchukua dawa. Leo umemwangusha Mama Yasmini, na huyo soko zima litajua kabla ya adhuhuri."

"Ni klachi, mwenyekiti. Imekuwa nzito."

"Klachi yako ilikuwa nzito toka zamani, na ulikuwa unatamba nayo. Kilichobadilika ni mkono."

Machibya alitazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vilivyonyooka kama vijiti, vikikataa kukunjwa. Msimu wa kulima uliopita alikwenda kijijini Mwamanyili kumsaidia kaka yake, akashika maksai, na kamba ya maksai akaizungushia kiganjani. Kila mtoto wa Kisukuma hukatazwa jambo hilo tangu anapoanza kuchunga, na kila mwanamume hulifanya mbele za watu ili aonekane ana mkono. Mbwa akabweka, maksai akaruka, vidole vikaenda naye. Hospitali walimfunga plasta, naye akaikata kwa kisu kabla ya siku zake kwa sababu alisema inamwasha.

"Vua kizibao," Uledi alisema polepole. "Jumamosi uje hapa mbele ya wanachama. Upakie mtu, usimame katikati ya mwinuko wa darajani, kisha uondoke bila kumtikisa. Ukiweza, kizibao chako kipo. Ukishindwa, ndugu yangu, hatutasubiri mpaka uue mtu."

Machibya akakivua kile kizibao cha njano mchana kweupe, barabarani. Alijiona kama amevuliwa nguo zote.

*

Nyumbani kwake Malambo, mkewe Klementina alikuwa ameshapata habari. Bariadi ni mji, lakini kwa habari za aibu bado ni kijiji.

"Kaka yako kapiga simu," alimwambia, akimtengea maji ya kunawa. "Anakuja Jumamosi."

"Nani kamwambia?"

"Mimi nitajua? Amesema kama mkono umekataa, pikipiki irudi Mwamanyili. Mkwe wake ataiendesha."

Machibya alikaa kwenye kigoda bila kunawa. Pikipiki ile haikuwa yake peke yake. Ilitokana na maksai walioachiwa na marehemu baba yao, yeye na kaka yake Mboje, wakakubaliana wawauze wanunue pikipiki, mmoja aende nayo mjini na mwingine abaki na mashamba. Mboje akabaki na mashamba. Machibya akapata pikipiki, na kwa pikipiki hiyo akapangisha vyumba viwili, akasomesha watoto wawili, na kumnunulia Klementina cherehani. Pikipiki ikirudi kijijini, hata wao watarudi, wakaombe kipande cha kulima kwa mtu ambaye zamani walikuwa wanagawana naye sawa kwa sawa.

"Kasema pia," Klementina aliongeza, "kuna mganga upande wa Kalemela anajua kufungua mikono iliyofungwa. Anasema huo mkono umetupiwa jicho."

"Mkono wangu ulivutwa na ng'ombe, mama Kija. Ng'ombe hana jicho la kijicho."

"Mimi najua. Nakupa salamu kama zilivyokuja."

Alipotaka kuvua shati, kifungo cha juu kilimshinda. Klementina akasogea akamfungulia. Machibya akageuza uso. Mwanamume aliyekuwa anapandisha lumbesa ya pamba, gunia lililoshindiliwa kupita kipimo, kwenye kiti cha pikipiki akiwa peke yake, leo anafunguliwa shati kama mtoto anayepelekwa kuoga.

*

Kesho yake alikwenda kwa fundi Hamimu mapema, kabla wateja hawajajaa. Hamimu alikuwa na banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na tabia ya kuzungumza na pikipiki kabla ya kuzungumza na mwenye pikipiki.

"Pole, mama," aliiambia mashine, akaivuta klachi kwa vidole vyake. Akakunja uso. "Hii si klachi, hii ni adhabu. Lumbesa, nikwambie dawa yake au unataka kuzungukazunguka?"

"Nilainishie tu."

"Dawa unaijua. Nifungue injini, nitoe zile springi za guta, nirudishe springi zake za kawaida."

Dawa hiyo Machibya aliijua vizuri. Misimu miwili nyuma, katika msimu wa pamba, pikipiki yake ilianza kuteleza ikibebeshwa magunia: injini inalia, tairi haiendi. Akamwambia Hamimu amtafutie springi za klachi kutoka kwenye guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, azichonge na kuzibana humo. Hamimu akamwonya, yeye akasisitiza. Tangu siku hiyo pikipiki haikuteleza tena hata ikipakiwa lumbesa mbili na mwenye pamba akakaa juu yake. Na klachi ikawa nzito kiasi kwamba vijana wa kijiweni walipojaribu kuivuta walitoa macho. Machibya alikuwa akiwaita makusudi, "Njoo, mtoto wa mama, jaribu kidogo," halafu anacheka. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Lumbesa.

"Springi usiguse," alisema sasa. "Msimu wa pamba ndio huu unafunguliwa. Nikizitoa nitabeba nini?"

"Utabeba unachoweza."

"Hamimu, nimekuja kutengenezewa klachi, sikuja kuhubiriwa."

Fundi akainua mabega. Alitoa waya wa zamani wa klachi, akaweka mpya, akaulowesha mafuta mpaka ukawa unateleza kama kambale. Klachi ikalegea kidogo, lakini kidogo hicho mkono wa Machibya haukukiona. Wakabadilisha ule mkono wa klachi wa kwenye usukani, wakaweka mrefu zaidi. Vidole vile viwili vilivyonyooka vilibaki vimeelea hewani, na vile vitatu vilivyobaki vilitetemeka vikivuta.

"Hebu kuna ujanja mwingine," Machibya alisema. "Nilimwona jamaa wa Lamadi, kaongezea kipande pale waya unapovutia kwenye injini. Akavuta kama anavuta uzi."

"Ujanja huo upo. Nikirefusha hicho kichuma, utavuta kwa urahisi. Lakini klachi itafunguka nusu tu, maana waya utakwenda mwendo uleule na kichuma ni kirefu. Wepesi huo utaulipia mahali pengine."

"Refusha."

"Lumbesa..."

"Refusha, nimesema!"

Hamimu akachomea kipande. Kazi ilipokwisha, Machibya akavuta, na klachi ikaja. Ikaja kwa vidole vitatu vilivyochoka, bila kutetemeka. Akaivuta tena na tena, akicheka peke yake, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, maskini. Hamimu alifuta mikono kwa kitambaa na kumwambia asipakie mtu kwanza. Machibya alikuwa ameshawasha.

*

Alimpakia mke wake. Alitaka awe wa kwanza kuona.

"Kaa, mama Kija. Leo utapanda kama mke wa mkuu wa mkoa."

Klementina alifunga kitenge vizuri, akakaa. Barabara ya mtaani walikwenda salama. Machibya akapiga honi bila sababu, akamsalimia kila mtu, "Mwangaluka! Mwangaluka!" na watu wakamwitikia. Walipokaribia genge la mboga la jirani yao Nyanjige, ng'ombe wa mtu walikuwa wanavuka barabara. Machibya akavuta klachi mpaka mwisho, akakanyaga breki, akasimama vizuri.

Klachi ilikuwa imevutwa mpaka mwisho, lakini pikipiki haikukubali kwamba imesimama. Ilikuwa inasukuma mbele polepole, ikinguruma, ikitaka kwenda. Akatafuta gia huru, gia ikalia krr na kukataa. Mguu ukahama kwenye breki kutafuta ardhi. Pikipiki ikaendelea na safari yake kwa unyenyekevu mkubwa, ikaingia kwenye meza ya Nyanjige, na nyanya zake zote zikaporomokea barabarani mbele ya ng'ombe.

"Mayu wee!" Nyanjige alishika kichwa. "Baba Kija, nimekukosea nini mimi?"

Ng'ombe hawakuuliza nani mwenye nyanya. Klementina aliteremka, akaanza kuokota zile nzima, akamwomba jirani yake radhi, akamwahidi kumshonea gauni la mtoto badala ya hasara. Machibya alisimama tu na pikipiki yake, anainama, anainuka, hajui ashike nini. Mkewe alipomaliza kuokota hakupanda tena. Alirudi nyumbani kwa miguu, kitenge kikiwa na madoa mekundu, na Machibya akamfuata nyuma akiikokota pikipiki iliyozimwa. Watoto wa mtaa waliwapisha kwa heshima kama wanapisha msiba.

Uani Klementina alikaa kwenye kigoda, akamwonyesha mumewe akae mbele yake.

"Hamimu kakwambia dawa ni nini?"

Machibya akaitazama pikipiki.

"Usininyamazie. Nimepita kwake ulipotoka kumpelekea suruali yake niliyoishona, kanieleza kila kitu. Kuna springi zinatolewa, zinawekwa nyingine. Kwa nini hutaki?"

"Klementina, pamba inafunguliwa. Lumbesa moja kutoka vijijini mpaka kwenye ghala la ushirika inalipa kuliko abiria wa asubuhi nzima. Nikirudisha springi za kawaida, klachi itateleza. Nitakuwa nabeba watu tu, na vikapu vya akina mama."

"Na sasa hivi unabeba nini?"

Machibya aliangalia madoa ya nyanya kwenye kitenge cha mkewe.

"Nipe mkono wako," Klementina alisema. "Huo, wa kushoto. Nibane vidole kwa nguvu zako zote."

Machibya alisita, kisha akampa. Akabana. Uso ukamkunjamana, mshipa ukamtoka shingoni, na Klementina akasubiri. Vidole vyake vya kushonea vilikuwa ndani ya kiganja cha mumewe, havikusikia hata maumivu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Klementina akashtuka, maana hakudhani ni kidogo kiasi hicho. Machozi yalimlengalenga, na hasira yake ikapungua, lakini maneno aliyokuwa nayo akayasema.

"Baba Kija, yale magunia ulikuwa hunibebei mimi. Mimi uliponioa ulikuwa na baiskeli, na nilikufuata. Lumbesa mbili ulikuwa unapakia ili wanaume wenzako wakuone. Kamba ya maksai uliizungusha mkononi ili wakuone. Sasa wamekuona. Mimi nataka mtu wa kurudi nyumbani jioni na mboga. Jina la Lumbesa silipikii ugali."

Machibya alitaka kukasirika. Alitafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, asiipate. Kilichokuwemo kilikuwa ni woga. Aliogopa kwenda kijijini, aliogopa macho ya kaka yake, na zaidi ya yote aliogopa kukaa kijiweni akiwa dereva wa kawaida, mtu kati ya watu. Akausema.

"Naogopa, mama Kija. Wataniona sifai."

"Wamekuvua kizibao," Klementina alijibu. "Wanakuonaje sasa?"

Akacheka, bila kutaka. Mkewe naye akacheka, na wote wawili wakabaki wamekaa pale uani wameshikana mkono ule mbovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Machibya alikuwa ameficha mengi zaidi ya maradhi.

*

Hamimu hakusema "nilikwambia." Alimwaga oili, akafungua ubavu wa injini, akatoa kile kichuma alichokirefusha na kukirudishia cha zamani. Klementina alikuwa ameshapita dukani kununua springi, mpya, za saizi yake, zikiwa kwenye kimfuko kidogo. Fundi aliziweka kwenye sinia kando ya zile za guta alizozitoa. Za guta zilikuwa nene, nyeusi, zimebanwa zikabanika. Hizi mpya zilionekana kama za kalamu.

"Hizi zitashika kweli?" Machibya aliuliza.

"Zitakushika wewe na abiria wako na kikapu chake. Ukimwongezea gunia, zitateleza, na pleti za klachi zitaungua, na utarudi hapa kunilaumu. Nakwambia mbele ya shahidi." Akamwonyesha Klementina kwa spana.

Alipofunga kila kitu na kurekebisha waya, aliegemea pembeni akampisha mwenye mashine. Machibya akakaa. Akaweka vidole vyake vitatu kwenye klachi na kuvuta taratibu, kama mtu anayegusa uji kujua kama umepoa. Ikaja yote. Akaachia, akavuta kwa vidole viwili. Ikaja. Akatia gia, akakanyaga breki, na pikipiki ikatulia palepale, haisukumi, haigombi. Akaachia polepole, ikaondoka polepole. Alizunguka banda la Hamimu mara kadhaa, akisimama na kuondoka, akisimama na kuondoka, mpaka fundi akamkumbusha kwamba petroli haitoki kisimani.

"Vipi?" Klementina aliuliza.

Machibya alitaka kusema ni nzuri. Badala yake akajifuta macho kwa kiwiko, akalaumu vumbi, na hapakuwa na vumbi, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha.

*

Jumamosi kijiwe kilijaa. Madereva waliacha abiria wasubiri. Mboje alikuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Mwamanyili, mrefu, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi, amekaa kwenye benchi la kijiwe kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana harusi. Machibya alimwamkia kwa adabu zote, naye akaitika, akauliza habari za watoto, akaangalia mkono wa mdogo wake, akatazama pembeni. Mkwe wake alikuwa ameshaandaliwa. Hilo halikuhitaji kusemwa.

"Haya," Uledi alisema. "Utaratibu mnaujua. Lakini wanachama wameomba nyongeza. Msimu umefunguliwa, sisi hapa tunabeba pamba. Kwa hiyo apande na gunia."

Vijana wawili walikuwa wameshaliburuta. Lumbesa hasa, limeshindiliwa mpaka mishono inalia, limevishwa kofia ya majani juu. Mwenye pamba alikuwa amesimama kando, fedha mkononi, tayari kulipa nauli ya kweli kwa dereva atakayelifikisha ghalani. Machibya akalitazama. Alijua angeweza kulipandisha. Pengine lingekwenda hata mbali kidogo. Alijua pia kwamba katikati ya mwinuko klachi ingeanza kuteleza, injini ilie, na harufu ya pleti zinazoungua ifike mpaka hapa.

Alimtafuta Klementina kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha duka, hakumpa ishara yoyote.

"Mwenyekiti," Machibya alisema, kisha akaanza upya. "Mwenyekiti, na wanachama. Gunia sibebi."

Vijana wale wawili wakaliachia gunia.

"Nimetoa springi za guta. Mkono wangu hauziwezi tena. Nimeweka za kawaida, na za kawaida hazibebi lumbesa. Kuanzia leo nabeba watu. Mkinipa kizibao kwa kazi hiyo, nashukuru. Mkininyima, basi."

Kijana mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Lumbesa habebi lumbesa!" na kijiwe chote kikalipuka kwa kicheko. Walimcheka, wakapigana mabegani, wakamwita Kikapu, wakamwita Mama Lishe, wakamwuliza kama atapokea mtungi wa maziwa. Uso wa Machibya uliwaka moto. Kisha, polepole, akatambua kwamba wanamcheka. Yule mtu aliyekuwa ananyamaziwa wiki nzima alikuwa sasa anachekwa kwa sauti, kama mwenzao. Akajikuta naye anacheka, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani.

Uledi aliinua mkono. "Gunia ondoeni. Kijiwe hiki kinahitaji pia mtu ambaye wagonjwa watampanda bila kusali. Nani anakaa nyuma?"

Hakuna aliyejitokeza. Kucheka ni kitu kimoja, kupanda ni kingine. Walitazamana, wakatazama viatu. Ndipo benchi likalia, na Mboje akasimama. Alipiga hatua zake ndefu mpaka kwenye pikipiki, akaikabidhi fimbo yake kwa mwenyekiti, akapanda. Katika maisha yake hakuwa amekaa nyuma ya mdogo wake hata kwenye baiskeli.

Machibya aliondoka. Alihisi uzito wa kaka yake mgongoni, na mikono mikubwa ya kilimo iliyoshika chuma cha nyuma kwa nguvu. Kwenye mwinuko wa darajani, mahali palipo pabaya zaidi, akasimama. Pikipiki ikatulia juu ya breki. Chini mto ulikuwa na maji machache, na nyuma kwenye kijiwe watu walikuwa wamejipanga kama wanaangalia mpira. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikashika klachi. Akaongeza moto kidogo, akaachia breki huku anaachia klachi, polepole, mpaka alipoisikia mashine ikishika. Ikapanda. Haikuruka wala kutikisika. Kofia ya Mboje haikuhama kichwani.

Alisikia kelele za kijiweni nyuma yake, na sauti ya mkewe ikipiga vigelegele juu ya zote. Akataka kugeuza arudi.

"Nyoosha," Mboje alisema kutoka nyuma. "Nipeleke stendi. Kuna basi la mchana."

"Na fimbo yako, kaka?"

"Mwenyekiti ataitunza. Nitakuja kuichukua siku nyingine."

Alimpeleka kaka yake mpaka stendi, akapita mashimo kwa upole, akasimama kila palipohitaji kusimama. Mboje aliteremka, akanyoosha magoti, akaiangalia pikipiki waliyoinunua kwa maksai wa baba yao, akaipigapiga tangi kama anavyopiga ubavu wa ng'ombe aliyelima vizuri. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu moja.

"Hapana, kaka," Machibya alisema. "Wewe siwezi kukutoza."

"Pale umewaambia nini wenzako? Kwamba unabeba watu."

"Ndiyo."

"Mimi ni gunia?"

"Hapana, kaka."

"Basi pokea."

Kwa Wasukuma, mdogo hupokea cha mkubwa kwa mikono miwili. Machibya alitoa wa kulia. Akasita, kisha akautoa na wa kushoto, na vile vidole viwili vilivyokataa kukunjwa vikaja mbele ya watu wote wa stendi, akapokea, akashukuru.

"Wabeja, kaka."

"Wabeja nawe," Mboje alisema, akigeuka kulitafuta basi lake. "Rudi upesi, foleni isikupite."